Mashine, Barabara na Modeli: Tafakuri ya Kisawasawa Kuhusu Utendaji wa Mashine Zinazojifunza

1.0 Utangulizi

Insha hii inahusu taaluma ambayo kwa kawaida haijadiliwi katika kurasa kama hizi, nayo ni utengenezaji wa modeli na miigo ya utendaji wa maunzi ya kompyuta yanayotumika katika ujifunzaji wa mashine. Kwa maneno mepesi, ni taaluma ya kukadiria, kabla ya chipu kutengenezwa au kununuliwa, itafanya kazi fulani kwa kasi gani na kwa nishati kiasi gani. Mimi si mhandisi. Ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kisawasawa, kata iliyo kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara, baina ya Milima ya Udzungwa na mbuga za Mto Kilombero. Nimeingia katika taaluma hii kwa mlango wa istilahi. Wanafunzi wa uzamili wa kompyuta waliniomba niwasaidie kueleza kazi zao kwa Kiswahili, nami nikagundua kwamba siwezi kuwapa neno kabla ya kuelewa kitu chenyewe.

Nakusudia kutetea mambo mawili. Kwanza, istilahi za msingi za taaluma hii zimo tayari katika Kiswahili, na nyingine zimo katika idara zetu za lugha na fasihi, zikisubiri kuazimwa. Pili, suala hili si la kamusi peke yake. Bonde la Kilombero ni mahali ambapo watu hupimwa, mbu wao huhesabiwa, na mimea yao hupigwa picha ili mashine zijifunze. Watu wanaopimwa kwa modeli wana haki ya kuuliza swali la maana kuhusu modeli hiyo, na swali haliwezi kuulizwa kwa lugha isiyokuwa na maneno yake.

2.0 Maneno Matatu Tuliyonayo

Neno la kwanza ni utendaji. Wanaisimu wamelizoea katika jozi ya umilisi na utendaji, tangu Chomsky alipozitenganisha dhana hizo mwaka 1965. Wanafasihi simulizi nao wamelizoea kwa maana nyingine: ngano haiishi katika maandishi bali huishi pale fanani anapoitamba mbele ya hadhira. Mhandisi wa chipu hutumia neno hilohilo, na maana yake iko karibu na ya wanafasihi kuliko ya wanaisimu. Chipu huuzwa ikiwa na tarakimu ya kilele, yaani idadi ya hesabu ambazo ingeweza kufanya kwa sekunde moja kama hakuna kinachoikwamisha. Tarakimu hiyo ni kama ngano iliyoandikwa. Utendaji hujulikana pale chipu inapopewa kazi halisi, na kazi ndiyo hadhira yake. Chipu ileile yaweza kuchangamka mbele ya kazi moja na kuzubaa mbele ya nyingine.

Jozi ya Chomsky nayo inasaidia, lakini kwa mpaka. Ni rahisi kusema kwamba kilele ni umilisi wa chipu. Hata hivyo, mwanaisimu huona pengo kati ya umilisi na utendaji kuwa la bahati tu: uchovu, usahaulifu, kelele. Kwa mhandisi, pengo hilo ndilo somo lenyewe. Lina sababu zinazohesabika, na kazi ya modeli ni kuzihesabu.

Neno la pili ni mwigo. Kitenzi iga kimetupa uigaji, na kauli yake ya kutendesha, igiza, imetupa uigizaji. Neno uigizaji limeshikwa na tamthilia, na uigaji katika matumizi ya mitaani lina harufu ya dharau, kama mtu anayefuata mitindo ya wengine bila kufikiri. Kwa hiyo napendekeza tuliache uigaji kuwa jina la tendo, na kile kinachotengenezwa tukiite mwigo. Mwigo ni programu inayofuata mwenendo wa kitu kingine hatua kwa hatua, hata kama kitu hicho hakijajengwa bado.

Neno la tatu ni modeli. Wapo wanaopendelea kielelezo au mfano. Lakini kielelezo mahakamani ni ushahidi unaowekwa mezani, na mfano darasani ni kimoja kati ya vingi vya aina yake. Modeli si ushahidi wala si kimoja kati ya vingi. Ni ufupisho wa makusudi wa jambo, ambamo mtengenezaji amechagua nini cha kuacha. Neno modeli limeshaingia katika uchumi na isimu, na halina maana ya pili ya kulivuruga. Naliunga mkono.

Tofauti kati ya modeli na mwigo ni ya kiwango. Modeli ya kanuni huandikwa katika karatasi moja na kujibu kwa dakika chache, ilhali mwigo wa kina hufuata kila pigo la saa ya chipu, na kwa sababu hiyo huenda taratibu mno kuliko chipu halisi. Mtaalamu huanza na karatasi, kisha hutumia mwigo pale karatasi inapokosa jibu.

3.0 Modeli ya Paa, Ikielezwa kwa Mashine ya Kukoboa Mpunga

Modeli ya kanuni inayofundishwa zaidi ni ile waliyoichapisha Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson mwaka 2009. Mchoro wake unafanana na paa: mstari unaopanda kwa mteremko, kisha unalala. Naiita modeli ya paa. Niliifahamu vema nilipoihamishia Kisawasawa.

Tuchukulie mashine ya kukoboa mpunga yenye uwezo wa kupitisha magunia 20 kwa saa. Mpunga unatoka mbugani kwa baiskeli, bodaboda na pawatila, na wakati wa masika njia inaruhusu magunia 6 tu kufika kwa saa. Kama kila gunia linapitishwa mara moja, mashine itafanya kazi ya magunia 6, si 20. Mwenye mashine akinunua injini kubwa zaidi, hatapata hata debe moja la ziada. Lakini kila gunia likipitishwa mara mbili, kwanza kukoboa, kisha kung'arisha, safari zilezile 6 zinazaa mipitisho 12. Mara tatu, mipitisho 18. Mara nne ingekuwa 24, ila hapo mashine inafika kikomo chake cha 20. Kanuni yote ni hii: utendaji ni kile kilicho kidogo kati ya viwili, yaani kilele cha mashine, au kasi ya kuleta mzigo ikizidishwa na kiasi cha kazi inayofanywa kwa kila mzigo ulioletwa.

Katika chipu, mpunga ni data, mbuga ni kumbukumbu kuu, na barabara ni njia inayounganisha kumbukumbu na kikokotoo. Kiasi cha kazi kwa kila baiti iliyoletwa huitwa uzito wa ukokotoaji. Sehemu ya mteremko wa paa ni eneo ambalo barabara ndiyo inayoamua, na sehemu iliyolala ni eneo ambalo mashine ndiyo inayoamua. Pembe inapokutana mistari miwili, katika mfano wetu mipitisho 20 kwa 6, yaani takriban 3.3 kwa gunia, ndiyo inayomwambia mwenye mali atie fedha zake wapi.

Bonde letu linatoa pia mfano wa upande wa pili. Upande wa kaskazini, wakulima wa miwa wamewahi kuona miwa ikikaukia shambani kwa sababu kiwanda kimejaa. Huko barabara ingeweza kuleta zaidi, ila mashine haipokei. Kumjengea mkulima huyo barabara peke yake ni kumsogezea foleni karibu na lango.

Jina la mahali panapokwamisha limetusumbua watafsiri. Wengine hutafsiri Kiingereza neno kwa neno na kusema shingo ya chupa, usemi ambao mkulima hana sababu ya kuuelewa. Wakulima wa umwagiliaji chini ya Udzungwa wana neno lao, banio, yaani pale mtoni ambapo maji huzuiwa na kugawiwa mfereji. Shamba lote, liwe kubwa namna gani, hupata maji kwa kadiri banio linavyoruhusu. Napendekeza banio la kumbukumbu na banio la ukokotoaji. Na ikumbukwe kwamba banio huhama. Miaka mingi magari yaliyokwenda Ulanga na Malinyi yalingoja pantoni katika Mto Kilombero, na kasi ya lori haikuwa na maana yoyote kwenye foleni ya kivuko. Daraja la mita 384 lilipozinduliwa mwaka 2018, kivuko kilikoma kuwa banio, na madereva wakaanza kulalamikia barabara iliyo mbele yake. Modeli nzuri hutaja banio la leo, na pia lile litakalojitokeza likishaondolewa.

4.0 Kilichoonekana Katika Chipu Moja

Mfano uliochapishwa kwa uwazi ni wa chipu ya Google iitwayo TPU, iliyoanza kutumika katika vituo vya data vya kampuni hiyo mwaka 2015 na kuelezwa na Norman Jouppi na wenzake katika mkutano wa usanifu wa kompyuta huko Toronto mwaka 2017. Moyo wake ni mraba wa vikokotoo 256 kwa 256, yaani 65,536, kila kimoja kikizidisha na kujumlisha mara moja kwa kila pigo la saa. Mapigo ni milioni 700 kwa sekunde. Tukizidisha, tunapata kuzidisha-na-kujumlisha karibu trilioni 46 kwa sekunde, na tukihesabu kuzidisha na kujumlisha kuwa hesabu mbili, trilioni 92.

Vikokotoo hivyo havikimbilii kumbukumbu kila mara. Kila kimoja hupokea namba kutoka kwa jirani, hufanya hesabu yake, kisha humpa jirani wa upande wa pili. Mpangilio huu ulielezwa na H. T. Kung na Charles Leiserson mwishoni mwa miaka ya 1970, nao wakauita kwa jina la pigo la moyo. Yeyote aliyejenga darasa kwa nguvu za wananchi anaujua: watu hujipanga mstari na matofali hupita mkono kwa mkono, na hakuna anayerudi kwenye tanuri. Kwa Kiswahili naona safu ya kupokezana inatosha.

Hata hivyo, mgawo wa kwanza wa matofali lazima utoke tanurini. Barabara ya kuleta uzani wa mtandao wa neva kwenye chipu ile ilipitisha baiti bilioni 34 kwa sekunde. Gawanya trilioni 46 kwa bilioni 34, upate takriban 1,350. Maana yake ni kwamba kila baiti inayoletwa sharti itumike zaidi ya mara 1,300 ndipo vikokotoo visikae bure. Kazi nyingi kati ya zile sita zilizopimwa hazikufikia kiwango hicho. Zilikuwa chini ya mteremko, kama mashine yetu wakati wa masika.

Hapo ndipo modeli ilipoonyesha thamani yake. Watafiti waliiuliza: tukibadili kitu kimoja kimoja, nini kitatokea? Jibu lilikuwa kwamba kuongeza kasi ya kumbukumbu mara nne kungeongeza utendaji wastani wa mara tatu, lakini kuongeza kasi ya saa kusingeleta faida ya maana kwa wastani. Ajabu zaidi, kuupanua mraba wa vikokotoo kungepunguza utendaji kidogo. Sababu yake inaweza kuonekana kwa kalamu na karatasi. Matriksi ya 600 kwa 600 ina namba 360,000. Ikikatwa kwa vipande vya 256 kwa 256, inahitaji vipande 9, ambavyo vyote pamoja vina nafasi 589,824. Ikikatwa kwa vipande vya 512 kwa 512, inahitaji 4 tu, lakini nafasi zake ni 1,048,576. Karibu theluthi mbili za nafasi hizo zingekaa tupu. Ukubwa peke yake haukuwa nguvu.

Kuna upande wa nishati pia. Mark Horowitz alionyesha mwaka 2014 kwamba hesabu yenyewe hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na usafirishaji wa data. Kwa chipu za teknolojia ya nanomita 45, kuzidisha namba mbili za desimali za biti 32 hugharimu karibu pikojuli 3.7, na kuleta biti 32 kutoka kumbukumbu ya nje hugharimu karibu pikojuli 640. Safari ni ghali kuliko kazi kwa zaidi ya mara 170. Mama anayelipa nauli ya gunia kutoka mbugani hahitaji kufundishwa hoja hii, ila kwake uwiano haujafika huko.

5.0 Inasema Kweli kwa Kiasi Gani?

Nilipokuwa nikimweleza mjomba wangu mambo haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, na hiyo modeli yako inasema kweli kwa kiasi gani?" Ni swali la mtu aliyeishi karibu na Ifakara. Maabara iliyoanzishwa huko na Waswisi mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, imelifanya bonde letu kuwa mahali pa kupima malaria kwa vizazi. Karibu na Ifakara, huko Kining'ina, yako majengo makubwa ya wavu yenye mimea na vibanda ndani yake, ambamo mbu hufugwa na kuchunguzwa. Huo ni mwigo wa kijiji, uliojengwa kwa nguzo na wavu badala ya programu. Mjomba anajua kwamba mbu wa ndani ya wavu si mbu wa mbugani, na anataka kujua wanatofautiana kiasi gani.

Kwa upande wa TPU, swali lake lina jibu. Watafiti waliilinganisha modeli yao na vihesabio vilivyomo ndani ya chipu halisi, wakapata tofauti ya wastani wa asilimia 8. Tarakimu hiyo ndogo ndiyo inayozipa heshima zile kubwa. Modeli isiyotaja mkengeuko wake ni sawa na fundi anayekataa mzani.

Kwa upande wa mbu jibu lilikuwa gumu zaidi. Umri wa mbu ni jambo la uhai na kifo, kwa kuwa vimelea huhitaji siku 10 hivi au zaidi ndani yake kabla ya kuweza kuambukiza, na mbu wachache huishi muda huo. Watafiti wa Ifakara, Glasgow na Burkina Faso walijaribu kuutambua kwa kummulika mbu aliyekauka kwa mwanga wa infraredi na kuiachia mashine ijifunze alama zake. Mashine iliyofunzwa kwa mbu wa kundi moja ilipata shida kuwatambua mbu wa kundi jingine. Kazi ya Doreen Siria na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2022, ilitumia mbu zaidi ya 40,000, wa maabara na wa mazingira ya asili, ili kuipunguza shida hiyo, na ikaonyesha kwamba kuongeza idadi ndogo ya mbu wa asili katika mafunzo huisaidia sana mashine.

Mfano mwingine ni wa muhogo. Programu iitwayo Nuru humwezesha mkulima kuelekeza simu kwenye jani na kupata dalili za ugonjwa bila mtandao, kwa sababu hesabu hufanywa ndani ya simu yenyewe. Picha za awali za utafiti huo zilipigwa katika mashamba ya pwani ya Tanzania. Katika taarifa ya mwaka 2019 watafiti walieleza wazi kwamba usahihi ulishuka modeli ilipotoka kwenye picha zilizochaguliwa na kuingia kwenye simu shambani. Hapa mikengeuko miwili inakutana. Mmoja ni wa modeli inayosoma jani, na wa pili ni wa maunzi: mtandao wa neva uliofinywa ili uingie katika simu ya bei nafuu huenda usiwe uleule uliosifiwa katika makala.

Kwa sababu hiyo naona modeli za utendaji wa maunzi zinatuhusu sisi kuliko wenye vituo vikubwa vya data. Mwenye kituo akikadiria vibaya, ataongeza mashine. Zahanati ya kijijini inayotegemea umeme wa jua haina cha kuongeza. Kifaa kikiletwa bila mtu kuuliza kitatumia nishati kiasi gani kwa kila jibu, na kumbukumbu yake itatosha nini, kitaishia kabatini. Hesabu ya paa ingeweza kufanywa na mwalimu wa hisabati wa sekondari kabla fedha hazijatoka, laiti angekuwa nayo kwa lugha anayofundishia maisha.

6.0 Hitimisho

Yapo mapingamizi ya haki. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wa kompyuta husoma kwa Kiingereza na watafanya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi hizi ni pambo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hoja hiyohiyo ilikuwapo. Jibu langu ni kwamba istilahi haimtumikii mtaalamu peke yake. Inamtumikia pia diwani anayepitisha bajeti, mganga anayepokea kifaa, na mkulima anayeombwa ridhaa. Mtaalamu asiyeweza kumweleza mjomba wake banio liko wapi huenda analijua kwa kukariri.

Napendekeza kwa idara zetu hatua tatu. Kwanza, maneno utendaji, mwigo, modeli, uzito wa ukokotoaji, safu ya kupokezana na banio yajadiliwe pamoja na wahandisi, si na wanaleksikografia peke yao, kisha yapelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa. Pili, wanafunzi wa uzamili wa sayansi wahimizwe kuambatisha katika tasnifu zao muhtasari wa Kiswahili unaotaja mbinu, na si matokeo tu. Tatu, katika kila andiko la Kiswahili linalotoa tarakimu ya modeli, mkengeuko utajwe katika sentensi ileile. Kiswahili kingali kijana katika uwanja huu, na mazoea yake hayajakauka. Tukianza na desturi hiyo ya uaminifu, waandishi watakaotufuata wataikuta imo katika lugha.